Kula kwenye mgahawa wa Kiitaliano ukiwa safarini Arusha au Moshi: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Kila msimu wa likizo napokea malalamiko yanayofanana. Familia imetoka Dodoma kwa mahafali Arusha, au kikundi kimeshuka Mlima Kilimanjaro na kinataka kujipongeza Moshi. Mtu mmoja anasema leo tule Kiitaliano, wote wanakubali. Baada ya hapo wametoka na njaa, au watoto wamelala mezani wakisubiri, au mzee amekula nyama ambayo hali, au bili imewatoa jasho.

Nikiuliza vizuri, mara nyingi chakula chenyewe kilikuwa kizuri. Walichokosea ni namna ya kuuliza na kuagiza. Wengi wetu hukaa mbele ya menyu ya Kiitaliano kama tuko kwenye chumba cha mtihani, kimya, tukiogopa kuonekana hatujui. Lakini ule ni mgahawa, na wewe ni mgeni uliyebisha hodi. Mwenyeji hawezi kukukirimu vizuri ikiwa hajui unakula nini na una muda gani.

Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake. Hatua ya 4 na ya 5 ndizo ndefu, kwa kuwa ndipo karibu wote mnapokwama.

## Mahitaji kabla ya kutoka

- Namba ya simu ya mgahawa.
- Idadi kamili ya watu, watoto wakiwemo.
- Orodha ya miiko: nani hali nguruwe, nani hagusi pombe hata kwenye mchuzi, nani ana mzio wa karanga, maziwa, mayai au samaki.
- Kiasi cha fedha kwa meza nzima, na jina la anayelipa. Mmalize jambo hili nyumbani au hotelini.
- Njia mbili za kulipa. Simu pekee haitoshi, mtandao hukwama wakati wowote.
- Saa mbili zisizo na haraka.
- Sweta au shuka, hasa Arusha mwezi Juni na Julai. Migahawa mingi ina meza za bustanini, na baridi ya Arusha usiku haina masihara na wazee.

## Hatua ya 1: Panga saa kabla ya kupanga mahali

Kosa la kwanza hufanyika kabla hata ya kuingia: watu hubana chakula hiki kati ya mambo mawili. Basi linaondoka saa nane mchana, wao wanaingia mgahawani saa saba. Au wako Moshi na wamepanga kwenda kula Arusha na kurudi usiku huohuo. Kati ya miji hiyo ni takriban kilomita 80, na kwa koster ni kama saa mbili za njiani. Ukiwa Moshi, kula Moshi.

Sababu ni jiko lenyewe. Donge la pizza huumuka kwa saa kadhaa kabla hujafika, hilo halikuhusu. Linalokuhusu ni tanuri. Pizza ya mtindo wa Napoli huiva kwa sekunde 60 hadi 90 tu, ila tanuri lake la kuni hufika joto la nyuzi 430 hadi 485 za Selsiasi. Tanuri la umeme au la gesi lenye joto la nyuzi 250 au 300 huhitaji dakika nane hadi kumi na mbili kwa pizza ileile.

Sasa piga hesabu. Mko kumi, kila mtu na pizza yake, na tanuri linaingiza mbili kwa wakati mmoja kwa dakika kumi. Ya mwisho itatoka dakika 50 baada ya ya kwanza kuingia, na hapo hatujahesabu meza za wenzenu. Mhudumu hana kosa hapo.

Saa nzuri kwa familia ni kumi na mbili na nusu jioni. Jiko limeshapata moto na foleni bado haijaanza. Ukiingia saa mbili usiku siku ya Jumamosi na watoto wenye njaa, utakuwa umejitafutia taabu.

## Hatua ya 2: Piga simu, na useme mambo manne

Piga angalau saa tatu kabla. Kwa kikundi kinachozidi watu sita, piga siku moja kabla. Donge haliandaliwi kwa dharura: likiisha jioni ile, limeisha, na mpishi anayejiheshimu hatakupa ambalo halijaumuka.

Sema hivi:

"Habari za leo, dada. Tunakuja leo saa kumi na mbili na nusu, tuko saba, watoto wawili. Kuna mama yetu hali nguruwe wala chakula chenye pombe. Tungependa meza ya ndani, karibu na mlango. Je, mnapokea malipo kwa simu?"

Sikiliza jibu. Mahali panapokaribisha wageni kwa dhati utapajua hapohapo: mpokeaji atakuuliza swali. Atataka kujua umri wa watoto, au kama mama anahitaji kiti chenye mgongo, au kama wote mnakula jibini. Akijibu "njooni tu" na kukata simu, tafuta pengine. Kwa uzoefu wangu kipimo hiki kinazidi picha nzuri za mtandaoni.

Ukimaliza simu ukiwa umeandika jina la aliyepokea, hatua hii imekamilika.

## Hatua ya 3: Kaa vizuri

Ukifika, mtaje aliyepokea simu. Chagua meza ambayo mzee hatapitwa na wahudumu mgongoni, na mtoto hatakuwa karibu na tanuri.

Agiza maji kwanza. Kwenye menyu, *naturale* ni maji ya kawaida, *frizzante* ni yenye gesi. Mkate ukiletwa kabla hujaagiza, uliza kwa upole kama umo kwenye bei. Kule Italia migahawa mingi hutoza kila mtu kiasi kidogo kiitwacho *coperto*, yaani gharama ya kukaa, mkate na vyombo. Usidhani kipo hapa, wala usidhani hakipo. Uliza.

## Hatua ya 4: Soma menyu kwa mpangilio wake

Anza kwa kujiamini katika kusoma. Mswahili ana bahati hapa: irabu za Kiitaliano, a, e, i, o, u, hutamkwa karibu sawa na zetu, na maneno karibu yote huishia na irabu. Shika kanuni chache tu:

- *ch* ni k. *Bruschetta* ni "brusketa".
- *c* ikifuatwa na *e* au *i* ni ch yetu. *Ciabatta* ni "chabata".
- *gn* ni ny. *Gnocchi* ni "nyoki".
- *sci* ni sh. *Prosciutto* ni "proshuto".
- *gli* ni kama "lyi". *Tagliatelle* ni "talyatele".
- *zz* ya pizza ni "ts".

Sasa mpangilio. Menyu kamili ya Kiitaliano ina sehemu tano, na kila moja ina kazi yake. *Antipasti* ni vitangulizi vya kutuliza njaa. *Primi* ni sahani ya kwanza: tambi, wali wa risotto, supu. *Secondi* ni sahani ya pili: nyama, kuku, samaki. *Contorni* ni vya pembeni: viazi, mboga, saladi. *Dolci* ni vitamu vya mwisho. Pizza huwa na ukurasa wake.

Hapa ndipo wengi wanapotoka na njaa. Sisi tumezoea sahani moja iliyokamilika: wali, nyama, mboga, kachumbari na ndizi pembeni. Menyu ya Kiitaliano huigawa sahani hiyo vipande vitatu na kukuuzia kimoja kimoja. Kipimo cha kawaida cha tambi kavu kwa mtu mmoja Italia ni gramu 80 hadi 100, kwa sababu inategemewa kwamba nyama inafuata. Ukila tambi peke yake kwa kipimo hicho, baada ya saa moja utatafuta chipsi mayai.

Na ukiagiza *secondo* peke yake, utaletewa nyama na nyama tu. Nimesikia mara nyingi: "Nimelipa hela zote hizo, nimeletewa kipande cha kuku kimekaa peke yake kwenye sahani." Kuku yule alikuwa anasubiri *contorno* ambayo hukuiagiza.

Migahawa mingi ya Arusha na Moshi imeshajifunza tabia zetu na huweka viazi au wali pembeni, mingine hujaza tambi kwelikweli. Kwa hiyo uliza maswali mawili kwa kila sahani: "Inakuja na nini?" na "Inamtosha mtu mzima mwenye njaa?"

Kwa bei, tafuta kwanza pizza Margherita, ile ya nyanya, jibini laini ya mozzarella na majani ya mrehani. Ni kati ya zile za bei rahisi na karibu kila mgahawa wa Kiitaliano unayo. Bei yake ni kipimo chako: ikiwa Margherita moja inakula robo ya bajeti ya meza nzima, funga menyu, shukuru, kunywa soda yako na uondoke. Si aibu. Aibu ni kuhangaikia bili mbele ya wakwe.

Bei ziwe kwa shilingi. Kanuni zilizotolewa Machi 2025 zinakataza kutangaza bei za bidhaa na huduma nchini kwa fedha za kigeni, kwa hiyo menyu ya dola usiikubali kimyakimya. Na ukiona nyama au samaki ameandikiwa bei ya gramu 100, kwa Kiitaliano *etto*, mwambie mhudumu akupimie na akutajie jumla kabla haijaenda motoni. *Bistecca alla fiorentina*, kipande kinene cha nyama ya ng'ombe chenye mfupa, huweza kuzidi kilo moja.

Hatua hii umeifaulu ukiweza kumwambia jirani yako, bila kutazama tena, kila sahani mnayoifikiria inakuja na nini na itawagharimu kiasi gani.

## Hatua ya 5: Taja miiko yenu kwa sauti

Naomba hatua hii usiiruke hata kama mnajiona hamna masharti.

Shangazi yangu alikuja kutoka Tanga kututembelea Moshi. Ni mtu wa dini, ana zaidi ya miaka sabini, na hajawahi kunikatalia chakula. Nilimwagizia tambi za *carbonara* kwa kuwa menyu ilisema mayai na jibini, nikaona ni laini kwa meno yake. Neno *guanciale* lilikuwepo pale, nikalipita. Alishakula vijiko viwili nilipouliza zile nyama ndogo ni za nini. Guanciale ni shavu la nguruwe. Aliweka uma chini, akaniambia, "Mwanangu, hukujua." Sikulala usiku ule. Ningemwuliza mhudumu swali moja tu, lisingetokea.

Kwa hiyo yashike maneno haya. Yote ni nguruwe: *prosciutto*, *pancetta*, *guanciale*, *speck*, *mortadella*, *salame*, *'nduja*. *Salsiccia* ni soseji, kwa kawaida ya nguruwe. *Strutto* ni mafuta ya nguruwe, na huingia kwenye baadhi ya mikate. *Bresaola* ni ya ng'ombe. Siku hizi zipo soseji na salami za ng'ombe au kuku zinazotumika nchini, lakini hilo ulisikie kwa mdomo wa mhudumu, usilikisie.

Halafu kuna sahani zinazoficha:

Bolognese. Wengi huichukua kama nyama ya kusaga ya ng'ombe basi. Mapishi yaliyosajiliwa kwenye Chemba ya Biashara ya Bologna mwaka 1982 yana pancetta ndani yake, na mvinyo pia. Lasagne, tambi pana zilizopangwa matabaka, hutumia mchuzi wa aina hiyohiyo.

Amatriciana. Nyanya na guanciale.

Capricciosa na quattro stagioni. Pizza hizi kwa kawaida zina nyama ya paja la nguruwe.

Diavola. Salami yenye pilipili.

Peperoni. Hapa kuna mtego wa pande mbili. Kwa Kiitaliano *peperoni* ni pilipili hoho. Kwa Kimarekani, yenye p tatu, ni soseji, mara nyingi yenye nguruwe. Menyu zetu huchanganya tahajia. Uliza: "Ni hoho au ni nyama?"

Marinara. Watu huiagiza wakitarajia samaki. Ni nyanya, kitunguu saumu, oregano na mafuta ya zeituni, bila samaki na bila jibini. Ukitaka vya baharini, tafuta *frutti di mare*. Ukiona *acciughe*, hao ni samaki wadogo wa chumvi, na ladha yao ni kali kuliko dagaa.

Pombe nayo ina njia zake. Risotto kwa kawaida hutiwa mvinyo mweupe, *scaloppine*, vipande vyembamba vya nyama, mara nyingi hupikwa kwa mvinyo, na *tiramisù*, kitamu cha kahawa na jibini laini, hutiwa pombe na wapishi wengi. Usikubali jibu la "inaisha kwenye moto". Kwa jedwali la Wizara ya Kilimo ya Marekani, chakula kilichochemka dakika 15 baada ya kutiwa pombe bado hubaki na takriban asilimia 40 ya kilevi, na hata kikichemka saa mbili na nusu hubaki na asilimia 5.

Kwa mzio, angalia *pesto*, mchuzi wa mrehani uliosagwa: kiasili ina mbegu za msonobari, na wapishi wengi huweka korosho au lozi badala yake. *Panna cotta*, kitamu cha krimu, hugandishwa kwa jelatini, ambayo huweza kutokana na nguruwe. Jibini ya Parmigiano hugandishwa kwa kimeng'enya cha tumbo la ndama, kwa wanaolitazama hilo. *Carpaccio* ni nyama mbichi, na tiramisù ya asili ina mayai mabichi. Mjamzito aviache vyote viwili.

Sahani salama za kuanzia kwa asiyekula nguruwe wala pombe, kama hamtaki maswali mengi: *al pomodoro* (nyanya), *arrabbiata* (nyanya na pilipili), *aglio e olio* (kitunguu saumu na mafuta), na pizza Margherita au *ortolana* ya mboga. Hata hizo, mwambie mhudumu:

"Kaka, mama hapa hali nguruwe kabisa. Tafadhali mwambie mpishi atumie kisu na ubao safi kukata pizza yake."

Kisu cha kukatia huwa kimoja, na kimetoka kwenye diavola ya meza ya jirani. Mhudumu akienda jikoni na kurudi na jibu, hapo mmefanikiwa. Akijibu papo hapo "hamna shida" bila kuinua mguu, mwombe tena, kwa adabu, akaulize.

## Hatua ya 6: Agizeni kama meza moja

Kila mtu akiagiza lake, sahani zitafika kwa zamu, na kwa malezi yetu hatuanzi kula mgeni akiwa hana sahani. Matokeo yake pizza ya kwanza inapoa ikitazamwa. Pizza iliyopoa jibini yake huwa ngumu kama mpira, kisha tunasema Waitaliano hawajui kupika.

Dawa ni kushirikiana, jambo ambalo sisi tunalijua tangu utotoni. Mwambie mhudumu: "Tutakula pamoja. Leta kinachoiva kwanza, kikiwa kimekatwa, na sahani tupu kwa kila mtu."

Mfano wa familia ya watu watano, bibi, baba, mama na watoto wawili:

- Bruschetta sahani moja, iingie mapema iwatulize watoto. Ni mkate wa kuchoma wenye nyanya na kitunguu saumu.
- Pizza mbili, Margherita na ortolana.
- Penne al pomodoro moja, kwa ajili ya bibi.
- Sahani moja ya kuku kutoka *secondi* na *contorno* ya viazi.

Hapo kuna wanga, nyama na mboga, na kila mtu anaonja kila kitu. Msipotosheka, ongezeni pizza moja. Kuongeza ni rahisi kuliko kurudisha.

Kwa nini penne kwa bibi? Ni tambi fupi, inachomwa kwa uma na kwenda mdomoni. Spageti ndefu humtesa mtu ambaye hajaizoea, na mzee hatakuambia kwamba anateseka. Ataonja kidogo na kusema ameshiba.

Jambo moja zaidi kabla mhudumu hajaondoka: uivaji. Waitaliano hupika tambi *al dente*, kiini kikiwa bado kinakaza kidogo kwenye jino. Wengi huirudisha wakidhani haijaiva. Kama mnataka laini, semeni wakati wa kuagiza: "Iive zaidi, tafadhali." Na kwa Arusha hii ina maana ya pekee. Mji uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka karibu nyuzi 95 badala ya 100, na tambi huhitaji dakika za ziada kuliko zilizoandikwa kwenye pakiti. Mpishi mzoefu anajua. Mgeni kazini huweza kusahau.

## Hatua ya 7: Kula

Nawa mikono. Pizza unaweza kuila kwa mkono bila kumwangalia mtu: shika kipande ukingoni, kunja kidogo katikati, anza na ncha. Ikija nzima, mwombe mhudumu aikate.

Kwa spageti, chukua nyuzi nne au tano tu kutoka pembeni ya sahani, si katikati. Simamisha uma, meno yake yaguse sahani, zungusha mara tatu au nne mpaka kiwe kifundo kidogo, peleka mdomoni. Wanaoshindwa huwa wamechoma rundo zima, kifundo kinakuwa kama ngumi. Mtoto mdogo mkatie, hakuna ubaya.

Onja kabla ya kuomba tomato sosi. Nyanya zimeshapikwa pale, na sosi ya chupa itazifunika kwa sukari. Ukitaka ukali, omba mafuta ya pilipili au pilipili kichaa iliyokatwa. Sahani ikiwa na tatizo, sema ndani ya vijiko viwili vya kwanza, kwa sauti ya kawaida. Ukimaliza nusu ndipo ulalamike, umemnyima mpishi nafasi ya kurekebisha.

## Hatua ya 8: Kitamu na kahawa

Kwa watoto, gelato, yaani aiskrimu ya Kiitaliano. Agizeni kimoja kwa wawili.

Espresso ni kikombe kidogo cha kahawa nzito, si kahawa iliyopunjwa. Mwitaliano huinywa baada ya chakula, na cappuccino yenye maziwa huiweka asubuhi, lakini ukiitaka usiku agiza bila wasiwasi. Uliza kama kahawa yao ni ya hapahapa. Kunywa arabika ya Kilimanjaro chini ya mlima wenyewe ni raha ambayo mgeni wako ataisimulia kwao.

## Hatua ya 9: Bili

Omba bili mapema, kama dakika kumi na tano kabla ya kutaka kuondoka. Isome mstari kwa mstari: idadi ya pizza, maji, mkate, na kama VAT imo ndani ya bei au imeongezwa chini. Kosa likiwepo, mwite mhudumu pembeni, usimtangaze.

Lipa kwa lipa namba, hakikisha jina linalotokea ni la mgahawa kabla ya kuweka namba ya siri, kisha chukua risiti ya EFD. Bakshishi si lazima. Ikiwa yule kaka alikwenda jikoni kuuliza kisu cha mama, mpe mkononi, kwa jina lake.

## Hatua ya 10: Kilichobaki

Usiache pizza mezani. Sema "nifungie", na ibebe kwenye boksi, si kwenye mfuko wa plastiki ambako mvuke utailowesha. Iingie kwenye friji ndani ya saa mbili. Yenye samaki au vya baharini imalizeni hapohapo, isisafiri.

Asubuhi, kabla ya kwenda stendi, weka kikaango kikavu kwenye moto mdogo, bila mafuta. Laza kipande humo dakika mbili mpaka chini kianze kukauka. Nyunyiza matone machache ya maji pembeni ya kikaango, si juu ya pizza, funika dakika moja. Mvuke utalainisha jibini na chini kutabaki kukavu. Kifunge kwenye karatasi na ukile kabla basi halijafika Same, maana kikipoa mara ya pili hakifai kupashwa tena.